Mlango wa Behewa la Mbele

Nagisa alipopita geti la tiketi la stesheni ya Minowaki asubuhi ile ya Jumamosi, alikuwa akitabasamu peke yake. Mkononi alishika kisanduku cha chakula, bado cha moto, kimefungwa kwa leso ya maua. Jana yake jioni Shohei alimwambia kwa sauti ya kuchoka kwamba bosi amewaita kazini Jumamosi, kwa hiyo hawataweza kwenda kutazama kile chumba cha kupanga kule mlimani. "Nisamehe, mpenzi. Wiki ijayo, nakuahidi." Nagisa hakununa. Aliamka mapema akafinyanga matonge ya wali, akatia katikati achali ya plamu aliyoitengeneza mwenyewe, akakaanga yai, kisha akatoka mbio na viatu vya nyumbani ili amuwahi kabla treni haijafika.

Alijua pa kumpata. Pale Minowaki kila abiria ana mlango wake, na ole wake atakayesimama penye mlango wa mwenzake. Unachagua mahali ambapo, ukishuka huko uendako, ngazi ya kutokea itakuwa mbele ya pua yako. Ukikosea, utaburuzwa na umati jukwaa zima na kazini utachelewa. Nagisa na Shohei wote walishukia Hamagishi, mwisho wa njia, ambako ngazi iko nyuma. Mlango wao basi ulikuwa wa nyuma kabisa, behewa la mwisho, kando ya mashine ya kuuzia vinywaji. Hapo ndipo walipojuana. Asubuhi baada ya asubuhi walisimama bega kwa bega bila hata salamu, mpaka siku moja mvua ikanyesha na Shohei akamfunika kwa mwavuli wake.

"Umechelewa," Nagisa alimwambia siku ile. "Nakungoja useme neno tangu maua yachanue."

"Na sasa yameshaanguka," Shohei alijibu, masikio yamemwiva. Basi. Mapenzi yakaanza.

Lakini leo kando ya mashine ya vinywaji hapakuwa na Shohei. Alikuwapo Bibi Tokie peke yake, amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini, anakwenda kukandwa mgongo kama kawaida yake ya Jumamosi. Mji mzima Bibi Tokie anajulikana kwa mdomo. Hakuna ndoa iliyofungwa wala kuvunjwa Minowaki bila yeye kupata habari kabla ya wahusika.

"Shikamoo, Bibi. Hujamwona Shohei?"

Bibi Tokie alikitazama kisanduku, akamtazama Nagisa, akatazama reli. "Leo jua zuri," akasema.

"Bibi, nimekuuliza Shohei."

"Na mimi nimekujibu jua zuri." Kizee kikashusha pumzi. "Mwanangu, mimi nina maumivu yangu ya mgongo, sitaki kubeba na ya watu. Lakini shingo yako si nzima? Haya, igeuze."

Nagisa akageuka. Kule mwisho wa jukwaa, mbele kabisa ambako behewa la kwanza husimama, alikuwako mwanamume mmoja peke yake amevaa suti nyeusi. Kwa mikono miwili alishika furushi lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Hata kwa mbali vile, Nagisa aliyajua mabega yale.

"Kule anafanya nini?" akauliza, ingawa roho ilikwisha kumruka.

"Si Jumamosi ya kwanza," alisema Bibi Tokie. "Mimi nilidhani unajua. Kila mtu alidhani unajua."

Katika njia nzima ile, stesheni yenye ngazi mbele kabisa ni moja tu: Torikai. Na Torikai ndiko kwao Nagisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Shohei pale pa kusimama, siku alipompeleka nyumbani kwa mara ya kwanza. "Simama hapa," alimwambia, akimvuta mkono. "Ukishuka tu, ngazi hii hapa. Baba yangu hapendi watu wanaochelewa."

Loo, siku ile! Mzee Murakoshi alikuwa na duka la achali lililorithiwa tangu babu wa babu yake, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Mabinti wawili tu: Nagisa mkubwa, na Mutsumi mdogo. Kwa hiyo atakayemwoa Nagisa ilikuwa lazima aingie nyumba ile, alivue jina lake na kuandikwa Murakoshi. Mama yake Shohei aliposikia alipiga yowe: mwanaye wa pekee afutwe katika ukoo wa Iizuka kwa ajili ya mapipa ya kabichi? Bora afe! Na Shohei mwenyewe, amepiga magoti mbele ya Mzee Murakoshi, alisema, "Nampenda binti yako, Mzee. Lakini jina langu sitoi." Walipokuwa wakitoka, kabla hawajafika mbali, walisikia nyuma yao kitu kikimwagika langoni. Mzee alikuwa akitupa chumvi kizingitini, kama watu wanavyofanya wakirudi mazishini ili mkosi usiingie ndani.

Usiku ule ule Nagisa alifungasha nguo zake zote zilizobaki kwao. "Duka mpe Mutsumi," alimwambia baba yake. "Mimi sitaki urithi wala jina. Nakwenda na huyu." Akarudi kwenye chumba kimoja alichokuwa amepanga Minowaki ili ajitegemee, akaendelea kuuza miwani Hamagishi, na hakujuta hata siku moja. Baba yake naye hakumpigia simu hata siku moja.

Sasa akisimama pale na kisanduku chake, wazo moja likamjia, tamu kiasi kwamba machozi yakamlengalenga. Shohei anakwenda kwa baba kumwombea msamaha! Anakwenda kimyakimya, Jumamosi baada ya Jumamosi, anapiga magoti, anafukuzwa, anarudi tena. Ndiyo maana suti. Ndiyo maana uongo wa bosi. Masikini Shohei wake!

"Nagisa," aliita Bibi Tokie. "Leo kalenda imeandika siku ya heri, mwanangu. Umeitazama?"

Nagisa hakusikia. Alikuwa ameshaanza kutembea jukwaa lile refu, na safari hii alikuwa akicheka kweli.

"Shohei!"

Shohei aliruka, furushi nusura limponyoke. "Nagisa! Wewe... unafanya nini hapa?"

"Nimekuletea chakula. Na wewe? Ofisi yenu imehamia mbele siku hizi?"

"Ah, nimebadilisha tu." Alijaribu kucheka. "Kule nyuma kumejaa."

Wote wawili wakatazama kule nyuma.

"Kumejaa Bibi Tokie," Nagisa akasema, akamsukuma begani. "Acha basi, nimeshajua. Unakwenda kwa baba kunisemea, sivyo? Mjinga wewe! Kwa nini hukuniambia? Tungekwenda wote tupige magoti pamoja, akitutupia chumvi tuchukue tukapikie."

Shohei hakucheka. Alikipokea kisanduku aliposukumiwa mkononi, akakiweka juu ya furushi, akabaki amevishika vyote kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake. Hakumtazama machoni. Na Shohei alikuwa mtu wa kutazama machoni, hilo ndilo lililompendeza Nagisa tangu mwanzo.

Hapo ndipo Nagisa alipoliona furushi vizuri. Kitambaa kilikuwa kimelegea pembeni, na ndani yake kulichungulia uzi mwekundu na mweupe, umekazwa kwa lile fundo gumu lisilofunguka. Zawadi ya kawaida hufungwa kwa fundo la kipepeo, unavuta ncha linafunguka, maana mambo ya kawaida watu hupenda yarudi tena na tena. Fundo gumu ni la jambo ambalo mtu huomba litokee mara moja tu maishani. Anayekwenda kuomba radhi habebi fundo hilo. Hiyo ni zawadi ya posa.

"Ya nani?" akauliza.

"Nagisa, hebu tukae pale kwenye..."

"Sikai. Ya nani?"

"Ya Mutsumi."

"Mutsumi yupi?"

Aliuliza kweli, kana kwamba duniani wamejaa akina Mutsumi. Shohei akatazama reli, upande ule Torikai iliko. Mutsumi, mdogo wake, aliyembeba mgongoni, aliyemsuka nywele siku ya kwanza ya shule!

"Kampuni ilifungwa," Shohei alianza, maneno yakimtoka mbiombio. "Kabla ya mwaka mpya. Nilishindwa kukwambia, niliona aibu. Wewe umeacha nyumba kwa ajili yangu, halafu nije nikwambie sina kazi? Nikawa navaa suti, napanda na wewe, tunashuka Hamagishi. Ukishaingia dukani kwenu, mimi narudi."

"Kila asubuhi ulikuwa umenishika mkono mle ndani ya treni."

"Najua."

"Ulikuwa unaniambia 'kazi njema.' Na mimi nakwambia 'kazi njema.' Nilikuwa nakutakia kazi njema ya wapi, Shohei?"

"Siku moja nikashuka Torikai. Sijui hata kwa nini. Kulikuwa na theluji. Nikapita mbele ya duka, baba yako alikuwa anahangaika na pipa peke yake, nikamsaidia kulinyanyua. Akanipa chai. Kesho yake nikarudi, akanipa aproni."

"Enhe. Na Mutsumi?"

"Mutsumi alikuwa ananipikia chakula cha mchana."

"Enhe!" Sauti ya Nagisa ilipanda, mpaka mkuu wa stesheni akachungulia kutoka kibandani mwake na kujifanya anasoma saa. "Kumbe ulishiba! Na mimi huku nikikufungia matonge ya wali uyale wapi, stoo ya baba yangu? Kwa nini hukuja ukaniambia, 'Nagisa, Mzee amenikubali, turudi nyumbani'? Mimi si ndiye mkubwa? Lile duka si langu mimi?"

"Nilimwomba hivyo! Haki ya nani nilimwomba. Akasema aliyetoka ametoka, binti aliyebaki nyumbani ni mmoja. Akasema nikimtaka Mutsumi, niingie. Nisipomtaka, nirudishe aproni."

"Ukabaki na aproni."

Shohei akainamisha kichwa.

"Na jina?" Nagisa akauliza, sasa polepole, maana swali hilo alikuwa akiliogopa. "Utaandikwa nani?"

"Murakoshi."

"Na mama yako aliyesema bora afe?"

"Mama amekubali. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtafuta mshenga."

Nagisa alicheka, kicheko kibaya kilichomkwaruza koo. Alikuwa amelala peke yake kwenye chumba kisicho na jiko la maana, amekosa mazishi ya shangazi yake, amekula mwaka mpya na maandazi ya dukani, ili mtu huyu asivue jina lake. Na sasa analivua jina hilo hilo, analivaa la kwao Nagisa, na anayekwenda kulivaa naye ni mdogo wake.

"Unampenda?"

"Nagisa..."

"Nimekuuliza jambo dogo."

"Mwanzoni hapana," Shohei alisema. Machozi yalikuwa yanamteremka, na Nagisa aliyachukia kwa kuwa bado alitamani kuyafuta. "Mwanzoni ilikuwa kazi tu. Sasa sijui. Ninapokuwa na wewe najisikia mdaiwa. Ninapokuwa pale najisikia mtu. Nisamehe."

Kipaza sauti kikakohoa. Mkuu wa stesheni akatangaza, kwa ile sauti yake ya kuimba, kwamba treni ya Hamagishi inakaribia, tafadhali simameni nyuma ya mstari wa njano. Kengele ya kivuko cha reli ikaanza kulia.

Nagisa akanyoosha mkono akakichukua kisanduku chake juu ya furushi. "Huko uendako kuna karamu," akasema. "Sasa sikiliza, sitakupigia kelele tena. Mimi nakwenda kusimama penye mlango wetu. Treni ni moja, inakwenda kote. Ukiwa bado wangu, njoo upandie kule na mimi, njaa tutaijua wawili. Ukipandia hapa, nitakuwa nimekuelewa."

Akageuka akatembea. Jukwaa lile hajapata kuliona refu kiasi kile. Hakugeuka nyuma hata mara moja, ila masikio yake yote yalikuwa nyuma, yakitafuta kishindo cha viatu. Alisikia kengele. Alisikia reli zikianza kuvuma. Alipofika kando ya mashine ya vinywaji, Bibi Tokie alimshika mkono bila kusema neno, na kwa mtu kama Bibi Tokie hilo lilikuwa jambo kubwa.

Treni ikaingia, ikasimama, milango ikafunguka. Nagisa akageuka sasa. Shohei alikuwa bado amesimama palepale, akimtazama. Kisha akainama, akainama sana, mpaka furushi likagusa magoti yake. Akainuka. Akaingia mlango wa mbele.

"Ingia, mwanangu," Bibi Tokie akasema, akimsukuma mgongoni. "Ukibaki hapa utakuwa unajiuliza mpaka uzeeke. Twende ukaone, yaishe."

Nagisa alipanda kwa kuwa alisukumwa. Alisimama ameshika mpini, nyumba na nguo zilizoanikwa zikipita dirishani, na alijua kwamba mabehewa mawili mbele yake Shohei naye amesimama, anatazama nguo zile zile. Alijua pia mkono upi ameshikia mpini.

Torikai, milango ikafunguka. Bibi Tokie akampapasa shavu. "Nenda. Usipige mtu," akasema.

Kwa kuwa alishukia mlango wa nyuma, ilimbidi Nagisa atembee jukwaa zima, na wale waliokuwa chini ya ngazi ilibidi wamtazame muda wote anapokuja. Baba yake alikuwa amevaa nguo rasmi yenye nembo ya ukoo, ile aliyovaa mara ya mwisho kwenye mazishi ya mkewe. Mutsumi alikuwa ndani ya kimono cha rangi ya waridi. Kilikuwa kimono cha mama yao, kile ambacho Nagisa aliahidiwa. Na Mzee Murakoshi, aliyemtupia Shohei chumvi, alikuwa akimwinamia Shohei.

Mutsumi ndiye aliyemwona wa kwanza. Akaziba mdomo kwa mkono wa kimono. "Dada!"

"Umekuja kufanya nini?" baba yake akauliza.

"Kumpongeza mdogo wangu, Baba. Au hata undugu nao nimeutoka?"

"Dada, nilitaka kukwambia," Mutsumi alianza kulia. "Naapa nilitaka. Kila nikishika simu..."

"Simu ulishika. Wiki iliyopita ulinipigia ukaniuliza ile achali yangu ya plamu naitia asali kiasi gani." Nagisa aliongea taratibu, kama anavyoongea na wateja wazee dukani. "Nilifurahi sana siku ile, Mutsumi. Nilidhani umenikumbuka mimi. Nikakueleza yote, mpaka siku za kuianika juani."

Mutsumi akalia kwa sauti. Mzee Murakoshi akakohoa, akatazama huku na huku kama abiria wengine wanaona, na wote walikuwa wanaona. Mambo ya aibu kituoni, na siku ya heri! Akamgusa Shohei kiwiko. "Msalimie," akanong'ona. "Msalimie inavyopasa."

Shohei alikuwa amemzidi Nagisa umri. Alikuwa amewahi kumwita 'Nagisa,' na 'mpenzi,' na gizani 'mke wangu.' Lakini nyumba zina utaratibu wake, na mume wa mdogo humwita mkubwa wa mkewe kwa jina moja tu. Akaweka mikono yake mapajani, akainama.

"Dada," akasema. "Naomba unipokee."

Kengele ya treni ya kurudi ilianza kulia upande wa pili. Nagisa alimtazama kisogo chake kilichoinama, pale nywele zinapozunguka, mahali alipopenda kupabusu. Alimgeukia baba yake.

"Baba, ile chumvi ya siku ile ilibaki?"

"Chumvi gani?"

"Ya langoni. Kama ilibaki, mkifika nyumbani itupe tena. Safari hii mgeni wa mkosi ni mimi."

Akainama kwa adabu zote, kama mgeni anayeaga nyumba ya watu. Kisha akageuka, kisanduku kifuani, kimeshapoa, akatembea kurudi kule nyuma alikotoka. Hatua ya kwanza alimsubiri Mutsumi amwite. Hatua chache baadaye akamsubiri Shohei. Mwishoni, na hilo lilimshangaza mwenyewe, alikuwa akimsubiri baba yake.

Hakuna aliyemwita. Alichosikia, kabla treni haijaingia, ni sauti ya Mzee Murakoshi, laini jinsi ambavyo yeye hakupata kuisikia tangu azaliwe, ikimwambia Shohei, "Haya, twende nyumbani, mwanangu."